Siri ya Mtungi: Kumbukumbu Zilizojificha katika Kompyuta ya Sebuleni

Kompyuta moja inayotumiwa na watu wote wa nyumba huandika, bila kuagizwa na bila kumwarifu mtumiaji, majina ya kurasa za intaneti alizozifungua, saa alizozifungua na idadi ya mara alizozirudia, na maandishi hayo huweza kudumu muda mrefu kuliko kumbukumbu ya yule aliyezisoma. Mazungumzo haya yanahusu maandishi hayo: mahali yanapokaa, sababu ya kuwekwa, namna ya kuyafuta, na hasa zile sehemu zake ambazo huendelea kuwapo hata baada ya mtumiaji kubofya neno "futa" na kuondoka akiamini kwamba kazi imekwisha. Wengi hulichukulia jambo hili kuwa la mafundi peke yao, na wengine hudhani kwamba anayefuta lazima awe na uovu wa kuficha. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba kufuta ni sehemu ya adabu ya nyumba, sawa na kupiga hodi na kuteremsha pazia la mlangoni, na kwamba Waswahili walikuwa na elimu ya sitara muda mrefu kabla kompyuta haijaingia sebuleni mwao.

Segerea, kata ya Wilaya ya Ilala ambayo abiria wa daladala atokaye katikati ya jiji huifikia baada ya kuipita Tabata, inajulikana nchini kote kwa gereza lake na, miongoni mwa Wakatoliki, kwa seminari kuu inayoandaa mapadri. Lakini kwa wanaoishi huko ni mahali pa nyumba zinazojengwa kidogo kidogo, msingi mwaka huu na bati mwaka mwingine, ambamo familia hukua haraka kuliko vyumba. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Dar es Salaam watu 5,383,728, na wengi wao wanayajua maisha ya nyumba ambamo mpwa aliyekuja kusoma chuo hutandika sebuleni, shangazi aliyeletwa mjini kwa matibabu hukaa miezi kadhaa, na mpangaji wa chumba cha uani huomba kuandika barua ya maombi ya kazi. Simu karibu kila mtu mzima anayo ya kwake. Kompyuta, kama ipo, ni moja, mara nyingi ya mtumba iliyonunuliwa Kariakoo au iliyorithiwa kutoka ofisini, nayo hukaa juu ya meza karibu na televisheni na kupata intaneti kwa bando la simu ya yeyote mwenye salio. Kwayo mtoto hutazama matokeo ya Baraza la Mitihani, kijana hujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu au ya ajira serikalini, baba hushughulikia kodi ya duka, na mama husoma kuhusu ugonjwa ambao hajamwambia mtu.

Inafaa kukumbuka kwamba chombo hiki hakikuingia Tanzania kama chombo cha nyumbani. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ilizuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, zuio ambalo lililegezwa pole pole katika miaka iliyofuata. Kwa hiyo kwa muda mrefu kompyuta ilikuwa mali ya taasisi, ikiwa na chumba chake, ufunguo wake na mtu aliyewajibika kwayo. Baadaye ilikuja migahawa ya intaneti, ambamo watu walilipa kwa saa na kuachiana viti, na wengi walijifunza kwa aibu kwamba anayeinuka bila kufunga barua pepe yake humwachia anayekaa baada yake. Mkongo wa baharini wa Seacom ulipofika Dar es Salaam mwezi Julai 2009, na mingine kuufuata, intaneti ilizidi kuingia majumbani, lakini yule mtu wa kuwajibika hakuja nayo. Nyumba ilipokea mashine ya ofisi bila kupokea kanuni za ofisi, na hadi leo katika nyumba nyingi hakuna aliyepewa kazi ya kuamua nani anaingia kwa jina gani na nini kinabaki baada yake.

Ili kufuta kuwe na maana, ni lazima kwanza vitu vinavyofutwa vitenganishwe, kwa maana katika mazungumzo ya kawaida vyote huitwa historia. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti kama vile Chrome, Firefox au Edge, hutunza historia yenyewe, ambayo ni orodha ya anwani zilizotembelewa pamoja na tarehe na saa. Kando yake hutunza vidakuzi: kidakuzi ni kipande kidogo cha maandishi ambacho tovuti hukiacha katika kompyuta ya mgeni wake ili imtambue akirudi, nacho kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape, kwa kuwa bila hicho tovuti ilimsahau mteja kila alipofungua ukurasa mwingine. Kidakuzi ndicho kinachofanya barua pepe ifunguke bila kuuliza nenosiri, na ndicho kinachosaidia matangazo kumfuata mtu, kiasi kwamba aliyesoma kuhusu dawa za uzazi siku ya Jumatatu huwaachia watoto tangazo la dawa hizo siku ya Jumanne. Halafu kuna akiba, yaani nakala za picha na kurasa ambazo kivinjari huziweka kwenye diski ili kisizipakue upya kila mara. Na kuna maneno ya kujaza, yaani majina, namba za simu, anwani na manenosiri ambayo kivinjari hujitolea kuyakumbuka. Mtu anayefuta kimoja kati ya hivi na kuviacha vingine anafanana na aliyefagia sebule akaacha nyayo barazani.

Vyote hivi hukaa katika faili, na faili hizo kwa kawaida hazionekani. Mfumo endeshi wa Windows, ambao ndio ulioenea zaidi katika kompyuta za mtumba, una folda nyingi zilizowekewa alama ya kufichwa, ili mtumiaji wa kawaida asizifute kwa bahati mbaya na kuharibu kazi ya programu. Folda iitwayo AppData, ambamo Chrome na wenzake huweka daftari zao, ni mojawapo: ipo katika eneo la kila mtumiaji, lakini anayetazama vitu vyake kwa njia ya kawaida haioni. Nia ya kufanya hivyo haikuwa mbaya. Matokeo yake, hata hivyo, ni kwamba mwenye nyumba anatunza daftari la wageni wake wote katika kabati ambalo hajui kuwa analo.

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu faili hizo fiche ni cha Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft kilichotawala dunia miaka ya mwanzo ya karne hii, hasa ndani ya Windows XP iliyotoka mwaka 2001. Kivinjari hicho kilikuwa na faili zilizoitwa index.dat, moja katika folda ya historia, nyingine katika folda ya vidakuzi, nyingine katika folda ya akiba, na kazi yake ilikuwa kama ya faharasa ya kitabu: badala ya kupekua maelfu ya vipande vya kurasa, programu ilitazama faharasa na kujua mara moja kila kipande kilipo. Tatizo lilikuwa katika ufutaji. Mtumiaji alipoamuru historia ifutwe, orodha aliyoiona kwenye kioo ilitoweka, lakini ndani ya faharasa mistari mingi ilipewa tu alama ya kuwa nafasi yake iko wazi, huku maandishi yenyewe yakibaki mpaka maandishi mapya yaje kukaa juu yake. Aliyewahi kuona daftari la mkopo katika duka la mtaani ataelewa upesi: deni likilipwa mstari hukatwa kwa kalamu, na mwenye duka hesabu zake ni sahihi, lakini anayeliinamia daftari bado anasoma nani alikopa kilo mbili za sukari na lini.

Faili hizo zilikuwa na tabia nyingine mbili zilizowasumbua watu. Ya kwanza ni kwamba zilifichwa mara mbili, kwa alama ya kufichwa na kwa alama ya kuwa mali ya mfumo, na baadhi ya folda zake zilipangwa zionyeshe sura nyingine kabisa, kiasi kwamba hata aliyeiagiza Windows ionyeshe kila kilichofichwa hakuziona. Ya pili ni kwamba zilikataa kufutwa, kwa sababu mfumo ulizishika muda wote ambao mtumiaji alikuwa ameingia. Ilibidi mtu aingie kwa akaunti nyingine yenye mamlaka ya usimamizi ndipo azifute, au atumie programu iliyozifuta wakati kompyuta inawaka, kabla mfumo haujazishika. Tena faharasa ya historia haikuandika kurasa za intaneti peke yake, bali iliandika hata nyaraka zilizofunguliwa kutoka kwenye diski ya kompyuta, hivyo barua iliyoandikwa na kusomwa pasipo intaneti iliacha jina lake humo. Kwa mtumiaji wa kawaida, ambaye hakuelezwa lolote kati ya haya, neno "futa" lilikuwa ahadi isiyotimizwa, na ni haki kusema kwamba watengenezaji walipaswa kuona aibu kwa hilo.

Mwaka 2012, kwa toleo la 10 la Internet Explorer, faharasa hizo ziliachwa na nafasi yake kuchukuliwa na hifadhidata moja, na tarehe 15 Juni 2022 kivinjari chenyewe kilistaafishwa katika matoleo mengi ya Windows 10. Lakini kompyuta za mtumba huishi miaka mingi kuliko matangazo ya kustaafishwa, na mashine yenye Windows ya zamani iliyosahauliwa juu ya kabati huenda bado inazo index.dat za watu waliokwisha kuhama. Vivinjari vya leo vinaaminika zaidi katika ufutaji. Chrome huandika historia yake katika faili moja ambayo jina lake ni History, bila mkia wowote; Firefox ina faili yake iitwayo places.sqlite, na Edge ya sasa, iliyotoka mwezi Januari 2020, imejengwa juu ya msingi uleule wa Chrome na hufuata mpangilio unaokaribiana nao. Chrome huondoa yenyewe historia iliyopita siku 90 katika kompyuta, jambo linalowafariji wasiojua kwamba miezi mitatu ni muda mrefu sana kwa siri ya nyumba ya vyumba vitatu.

Waswahili husema siri ya mtungi aijuaye kata, kwa kuwa kata ndiyo inayoingia mtungini kila siku na kujua maji yamebaki kiasi gani. Kompyuta ya sebuleni ni kata ya namna hiyo, ila ina kasoro ambayo kata ya kifuu haikuwa nayo: inasema. Na mara nyingi haisemi kwa mtu aliyeipekua kwa nia mbaya, bali kwa mtoto aliyeanza kuandika herufi moja katika mstari wa anwani. Mtoto anaandika "m" akitafuta matokeo ya mtihani, na kivinjari, kwa nia ya kumrahisishia, kinampangia chini yake kila ukurasa unaoanza kwa herufi hiyo ambao mtu mwingine wa nyumba aliufungua. Hakuna aliyepeleleza, hakuna aliyevunja kufuli, lakini siri imetoka mbele ya wote wanaotazama kioo.

Uzito wa jambo hilo hupimwa vizuri kwa mfano wa afya. Sheria ya Tanzania ya kuzuia na kudhibiti VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 inawataka wanaopima watunze siri ya majibu, na marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe, jambo ambalo liliongeza faragha kwa kuwa mtu sasa anaweza kulifanya chumbani kwake. Baada ya kujipima, hatua ambayo wengi huifuata ni kusoma: dawa zinaanzwaje, kituo cha karibu ni kipi, mwenza ataambiwaje. Akisoma hayo katika kompyuta ya familia, siri ambayo muuguzi wa zahanati amefungwa na sheria asiitoe huandikwa wazi, kwa saa na dakika, mahali ambapo shemeji anaweza kuikuta akitafuta mpira wa Simba na Yanga. Mfano mwingine ni wa mwanamke anayepigwa nyumbani ambaye anataka kujua Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linafanyaje kazi. Kwake mstari mmoja wa historia unaweza kuleta kipigo kingine. Wale wanaosema kwamba asiye na kosa hana cha kuficha hawajawafikiria watu hawa wawili, wala hawajafikiria kwamba katika malezi ya pwani kuficha hakukuwa sawa na kukosa: nguo hufichwa, ugonjwa husitiriwa, na mwosha maiti huheshimiwa hasa kwa sababu hasemi alichokiona.

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 16, inatambua haki ya mtu ya kuheshimiwa faragha yake, ya familia yake, ya maskani yake na ya mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, iliunda tume ya kuwasimamia wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu. Hata hivyo, sheria hiyo inawalenga zaidi makampuni, ofisi na taasisi. Haiji kukaa sebuleni kati ya mke na mume au kati ya mama na binti yake. Humo ndani adabu ndiyo hakimu, na adabu haiwezi kufuatwa na asiyejua kompyuta yake inaandika nini.

Ufutaji wenyewe ni rahisi kuliko maelezo yake. Katika Chrome, Firefox na Edge, mtu akibonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Delete, hufunguka kidirisha ambacho, kwa anayetumia Chrome ya Kiswahili, kina maneno ya kufuta data ya kuvinjari. La kwanza kutazamwa ni muda, kwa sababu mara nyingi kidirisha huwa tayari kimechagua muda mfupi, kwa mfano saa moja iliyopita, na anayebofya kwa haraka hufuta mchana wa leo na kuuacha mwezi mzima. La pili ni visanduku: historia, vidakuzi, na picha na faili zilizoakibishwa, kila kimoja na kazi yake. Hapa mkazi wa Segerea ana hesabu ambayo mtu mwenye intaneti isiyopimwa hana, kwa kuwa akiba ikifutwa kurasa zilezile zitapakuliwa upya, na bando litaliwa upya. Si busara basi kufuta akiba kila jioni kwa mazoea. Inatosha kuifuta pale ambapo picha zenyewe zingeeleza kitu, na siku nyingine kufuta historia na vidakuzi peke yake, huku ikikumbukwa kwamba vidakuzi vikiondoka kila mtu atatakiwa kuandika tena nenosiri lake, na asiyelikumbuka atalalamika.

Kuna yasiyofutwa na kidirisha hicho. Nyaraka zilizopakuliwa hubaki katika folda ya vipakuliwa, na majina yake hubaki katika orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni, kiasi kwamba mtu anaweza kufuta historia yote na kuacha mbele ya macho ya watu karatasi ya majibu ya maabara. Kuna pia orodha fupi ya majina ya tovuti ambayo Windows huishika kwa muda ili isiulize anwani zake kila mara, lakini hiyo huondoka kompyuta inapowashwa upya. Linalosahaulika zaidi ni akaunti ya Google: aliyeingia kwa jina lake katika Chrome ya sebuleni na kukubali usawazishaji, yaani kuunganishwa kwa kumbukumbu za vifaa vyake vyote, anaweza kuziona kurasa alizozisoma kwa simu chumbani zikijitokeza katika kompyuta ya sebuleni. Simu aliyoilinda kwa alama ya kidole imefunguliwa mlango wa nyuma, na aliyeufungua ni yeye mwenyewe, siku ambayo kivinjari kilimuuliza swali naye akakubali ili kiache kumsumbua.

Tena si kila ufutaji unalinda. Daftari lililokuwa limejaa likikutwa tupu, utupu wake nao ni habari, na katika nyumba yenye mtu mkali habari hiyo inaweza kuwa ya hatari. Kwa mwanamke aliyetajwa hapo juu ni salama zaidi kufungua orodha ya historia na kuondoa mistari miwili mitatu inayomhusu kuliko kuifuta yote, au kusoma kwa njia isiyoandika tangu mwanzo, na salama kuliko yote ni kutumia kifaa ambacho mtu mkali huyo hakifikii kabisa. Njia isiyoandika ndiyo ile Chrome inayoiita kwa Kiswahili hali fiche. Dirisha la hali fiche likifungwa, historia na vidakuzi vyake havibaki katika kompyuta. Lakini halimfichi mtu kwa tovuti anazozitembelea wala kwa kampuni inayomuuzia bando, na faili anazozipakua hubaki. Kutoeleweka kwa mpaka huo kulizaa kesi iliyofunguliwa mwaka 2020 katika mahakama ya California dhidi ya Google, ambayo katika makubaliano yaliyowasilishwa mwezi Aprili 2024 ilikubali kuharibu mabilioni ya kumbukumbu za watu waliovinjari kwa njia hiyo. Hali fiche ni pazia la sebuleni, na kwa kazi ya sebuleni inatosha.

Kwa uzito wa hoja zote hizi, linaloonekana kuwa bora kuliko kufuta kila siku ni kumpa kila mtu wa nyumba akaunti yake ndani ya Windows, kwa jina lake na nenosiri lake. Kazi hiyo huchukua dakika chache na haigharimu hata shilingi. Kila akaunti ina AppData yake, historia yake, vidakuzi vyake na vipakuliwa vyake, na asiye na mamlaka ya usimamizi hawezi kufungua eneo la mwenzake. Wageni, wapangaji na wapwa wa kupita hupewa akaunti moja ya pamoja, ambayo husafishwa wanapoondoka kama yanavyofuliwa mashuka ya kitanda cha wageni. Swali la nani ashike mamlaka ya usimamizi litajibiwa na kila nyumba kwa desturi yake, ingawa haifai yashikwe na mtu mmoja tu kwa kuwa ndiye aliyeinunua mashine, kwa maana mwenye mamlaka hayo anaweza kuona ya wote.

Watoto ni suala la peke yake. Mzazi ana wajibu wa kujua mtoto wa miaka 10 anapita wapi katika intaneti, na zipo huduma za Microsoft na Google zinazomwezesha kuweka mipaka na kuona kurasa zilizofunguliwa. Kinachotofautisha ulezi na upelelezi ni kuambiwa: mtoto aliyeelezwa kwamba mama hutazama historia kila Jumamosi anajua mpaka uko wapi, lakini aliyegundua kwamba alikuwa akisomwa kwa siri atajifunza kufuta kabla ya kujifunza kuuliza. Kadiri anavyokua mpaka huo unapaswa kusogea, maana binti wa miaka 16 anayesoma kuhusu mwili wake ana haki ya sitara ileile ambayo mama yake angeitaka.

Upo mpaka mmoja wa kisheria ambao lazima utajwe bila kutishana. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamfanya kuwa mkosaji mtu anayeharibu au kuficha data ya kompyuta kwa nia ya kuzuia au kuchelewesha uchunguzi. Kusafisha kivinjari cha nyumbani katika maisha ya kawaida ni jambo jingine kabisa. Lakini anayejua kwamba kuna uchunguzi unaoendelea, kwa mfano wa fedha zilizoibwa kwa njia ya mtandao, hana ruhusa ya kuanza usafi siku hiyo.

Siku nyingine ambayo ufutaji wa kawaida hautoshi ni siku kompyuta inapotoka nyumbani, kwenda kwa fundi, kwa mnunuzi au kwa ndugu wa mkoani. Faili iliyofutwa katika diski ya kuzunguka ya zamani haiondoki mara moja: mfumo huondoa jina lake katika orodha na kuiacha nafasi yake ikisubiri faili nyingine, na hadi nafasi hiyo iandikwe upya programu za uokoaji zinaweza kuirudisha. Mwaka 2003 watafiti Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa chuo cha MIT nchini Marekani walitangaza matokeo ya kununua diski 158 zilizokwisha kutumika. Katika 129 zilizofanya kazi, ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa, na walikutana na zaidi ya namba 5,000 za kadi za malipo. Mwaka 2009 filamu ya wanahabari wa Marekani na Kanada ilionyesha diski iliyonunuliwa sokoni Tema, Ghana, ikiwa na nyaraka za kampuni kubwa ya silaha ya Marekani. Njia hiyohiyo ya mitumba ndiyo inayozileta kompyuta Kariakoo, na kutoka Kariakoo hadi Segerea, na siku moja kutoka Segerea hadi kwingine, kila mmiliki akiongeza tabaka lake.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na kwa hiyo kompyuta nyingi za ofisini ulimwenguni ambazo haziwezi kupokea toleo jipya zinaondolewa mezani na kuingia katika biashara ya mtumba. Anayenunua mojawapo afute kila kitu na kuweka mfumo upya kabla watoto hawajaigusa, na anayeuza afanye vivyo hivyo: ndani ya mipangilio ya Windows 10 ipo sehemu ya kuirudisha kompyuta katika hali ya mwanzo, ambayo huuliza kama vitu vya mtumiaji vibaki au viondolewe, na ndani yake lipo chaguo la kuisafisha diski kwa kuiandika upya, ambalo huchukua saa kadhaa na kwa hiyo linataka umeme wa uhakika na uniti za kutosha katika mita ya LUKU. Mashine iliyokufa isiyowaka haiwezi kupokea amri hiyo. Kwa mashine kama hiyo, diski hufunguliwa kwa bisibisi mbele ya mwenyewe, fundi akachukua kioo, kibodi na betri avitakavyo, na kile kibati chembamba kisichotoshea hata kufunika kikombe cha chai kikarudi nyumbani mfukoni mwa mwenye nyumba.